Namna ya Kufuatilia Mapambano ya Maonyesho ya Joe Louis Mbele ya Wanajeshi Ng'ambo

Mtu anayefungua rekodi ya kawaida ya Joe Louis hukuta pengo la zaidi ya miaka minne. Tarehe 27 Machi 1942 bingwa huyo wa dunia wa uzito wa juu alimshinda Abe Simon mjini New York, na utetezi wa ubingwa unaofuata katika orodha nyingi ni ule wa marudiano na Billy Conn, tarehe 19 Juni 1946. Hata hivyo, katika kipindi hicho Louis hakuzitundika glovu zake. Alikuwa askari wa Jeshi la Marekani, na kazi aliyopewa ilikuwa kwenda kambi hadi kambi, kwanza ndani ya nchi yake na baadaye ng'ambo, akipanda ulingoni mbele ya wanajeshi waliokuwa wakisubiri kupelekwa vitani na wengine waliokuwa wametoka huko wakiwa majeruhi. Mapambano hayo hayakuwa na mshindi wa kutangazwa wala hayakugusa ubingwa, na kwa sababu hiyo watunza rekodi za ngumi waliyaacha nje ya daftari zao. Kazi ya mtafiti ni kuyarudisha moja baada ya jingine, mpaka kila pambano lipate siku yake, mahali pake na kikosi kilichokuwa mwenyeji.

Takwimu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Louis alicheza mapambano 96 ya maonyesho mbele ya wanajeshi wapatao 2,000,000. Nakushauri uiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kama dai la kuchunguzwa. Ukigawanya idadi hiyo ya watazamaji kwa mapambano 96 unapata wastani wa watu karibu 20,800 kwa kila pambano. Kuna kambi kubwa zilizoweza kukusanya umati wa namna hiyo, lakini ulingo uliosimamishwa kando ya njia ya ndege au katika ua wa hospitali haukuweza, na kila sehemu ndogo ya aina hiyo inalazimisha sehemu nyingine iwe kubwa kupita kiasi. Huenda hesabu ya watazamaji ilijumuisha pia hotuba, matembezi ya wodini na ziara ambazo bingwa hakuvaa glovu kabisa. Sisemi takwimu hiyo ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba jumla si orodha, na anayetaka kuandika historia ya ziara hii hawezi kuanza na jumla kisha akatafuta mapambano ya kuijaza. Anapaswa kuanza na pambano moja analoweza kulithibitisha.

Kabla ya kugusa nyaraka yoyote, yaweke majina sawa, kwa kuwa wengi hupotea hapo bila kujua. Jina kamili la bingwa lilikuwa Joseph Louis Barrow, na jeshi halikuwa na sababu ya kutumia jina la ulingoni katika karatasi zake. Amri za safari, orodha za abiria na taarifa za kikosi zitafutwe kwa jina la Barrow, ilhali magazeti na maelezo ya picha yatafutwe kwa jina la Louis. Vivyo hivyo, Sugar Ray Robinson, aliyekuwa naye katika ziara ya ndani ya Marekani, aliitwa jeshini Walker Smith. Jackie Wilson wa msafara huu ni yule aliyefahamika kama California Jackie Wilson, mshindi wa medali ya fedha katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, naye hapaswi kuchanganywa na Jackie Wilson mwingine wa miaka hiyohiyo aliyekuwa bingwa wa uzito wa unyoya. George Nicholson, aliyekuwa mwenza wa mazoezi wa Louis, ndiye jina utakalokutana nalo mara nyingi kama mpinzani wa siku hiyo. Tengeneza ukurasa wa majina haya yote pamoja na namna yalivyokosewa kuandikwa, kwa kuwa mashine zinazosoma magazeti ya zamani husoma vibaya, na herufi moja iliyofifia yatosha kukuficha habari uliyoitafuta mwezi mzima.

Hatua inayofuata ni kuweka mipaka ya wakati. Louis alijiandikisha jeshini Januari 1942, siku chache baada ya kumshinda Buddy Baer katika pambano ambalo malipo yake aliyatoa kwa mfuko wa misaada wa Jeshi la Wanamaji. Ziara rasmi ya maonyesho ilianza Fort Devens, Massachusetts, mwishoni mwa Agosti 1943, ikazunguka kambi za ndani hadi mapema 1944. Tarehe 29 Machi 1944 Robinson alitoweka mjini New York wakati msafara ukijiandaa kuvuka bahari, akaonekana baadaye hospitalini, na mwezi Juni akaachishwa jeshi kwa heshima. Kwa hiyo hakwenda ng'ambo. Ukiona picha inayodaiwa kumwonyesha Robinson ulingoni Uingereza au Italia mwaka huo, ama tarehe ni ya uongo, ama mahali, ama mtu. Upande wa pili wa mpaka, Novemba 1944 Louis alikuwa amerudi nyumbani na kupanda ulingoni mjini Buffalo dhidi ya Johnny Davis, aliyeanguka katika raundi ya kwanza. Kati ya nguzo hizo mbili ndimo inamoingia ziara ya Uingereza, Afrika Kaskazini na Italia. Ni miezi michache tu, na ni miezi ileile ambayo Roma ilikombolewa na majeshi ya washirika yakatua Normandy tarehe 6 Juni, jambo linaloeleza kwa nini habari za ngumi zilisukumwa kwenye kona ndogo za kurasa.

Magazeti ndiyo mahali pa kuanzia, nami ningependa tukae hapa kwa muda. Gazeti la wanajeshi, Stars and Stripes, lilianza tena kuchapwa London mwezi Aprili 1942 kama gazeti la wiki na likawa la kila siku Novemba mwaka huohuo, huku matoleo mengine yakichapwa Algiers na baadaye Italia. Ni kosa kubwa kudhani kwamba matoleo hayo yalikuwa gazeti moja. Pambano lililochezwa Naples laweza kuwa na maelezo marefu katika toleo la Mediterania na lisipate hata mstari mmoja London. Andika daima ni toleo gani ulilosoma. Yank, jarida la wiki la askari, nalo lilikuwa na matoleo ya ng'ambo, na picha zake mara nyingi ni bora kuliko habari zake kwa kazi ya namna hii.

Hata hivyo, magazeti ya jeshi hayatoshi, na sababu yake ni nzito. Jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga askari weusi katika vikosi vyao, na hali hiyo haikufutwa kwa amri ya Rais hadi Julai 1948. Magazeti ya Wamarekani Weusi, hasa Pittsburgh Courier, Chicago Defender na Baltimore Afro-American, yalikuwa na waandishi wao vitani, nayo yaliuliza maswali ambayo gazeti la jeshi halikuyauliza: je, askari weusi walikaa wapi siku ya pambano, je, kikosi chao kilitembelewa au kilipitwa, na je, bingwa mwenyewe alitendewaje njiani? Louis na Robinson walikamatwa na polisi wa jeshi katika kituo cha basi huko Camp Sibert, Alabama, kwa suala la sehemu iliyotengwa kwa weusi. Mtu aliyekuwa akitumika kama sura ya jeshi kwenye mabango ya kuhamasisha vita hakuweza kusubiri basi mahali alipotaka. Mtafiti asiyesoma magazeti haya ataandika ziara ya furaha tupu, naye atakuwa amewanyima haki askari waliokuwa na sababu ya pekee ya kupiga makofi.

Unapoyasoma magazeti, zingatia tofauti kati ya tarehe ya toleo na tarehe ya pambano. Magazeti ya wiki yalitoka na tarehe ya Jumamosi ilhali habari zake ziliandikwa siku nyingi kabla, na barua ya mwandishi kutoka Italia iliweza kusafiri kwa majuma kadhaa kabla ya kufika kwa mhariri. Neno "jana usiku" lina maana kwa kuhesabu kutoka tarehe iliyoandikwa mwanzoni mwa habari, wala si kutoka tarehe iliyo juu ya ukurasa. Pia kumbuka kwamba Waingereza huandika siku kabla ya mwezi na Wamarekani mwezi kabla ya siku, hivyo 5/6/44 inaweza kuwa mwezi Mei au Juni. Katika daftari lako andika jina la mwezi kwa maneno.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ukaguzi wa habari wakati wa vita. Majina ya kambi na viwanja vya ndege yaliondolewa, na badala yake ukawekwa msemo wa "mahali fulani Uingereza" au "mahali fulani Italia". Habari ya namna hiyo isikuvunje moyo, kwa kuwa mara nyingi imeacha alama ambazo mkaguzi hakuziona kuwa hatari. Huenda imetaja jina la kamanda aliyemkaribisha bingwa, jina la askari aliyekuwa refa, aina ya ndege zilizoegeshwa nyuma ya ulingo, au mpiganaji wa kujitolea na mji wake wa nyumbani. Chukua jina la kamanda, tafuta alikuwa akiongoza kikosi gani mwezi huo, kisha tafuta kikosi kilikuwa wapi. Barua za askari nazo zina namba ya posta ya jeshi, na jeshi lilitunza orodha zinazoonyesha kila namba ilihudumia eneo gani na kuanzia lini. Jambo la kuangalia ni kwamba namba ilihama pamoja na kikosi, kwa hiyo namba bila mwezi haina msaada.

Baada ya magazeti, nenda kwenye nyaraka za jeshi lenyewe. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, katika jengo lake la College Park, Maryland, imepanga nyaraka kwa makundi yenye namba, na kuzijua namba hizo kabla ya kuandika barua ya maombi kutakuokolea muda mwingi. Kundi la 111 ni la Kikosi cha Mawasiliano, kilichopiga picha nyingi za vita hivyo. Kundi la 498 ni la makao makuu ya medani ya Ulaya, na la 492 ni la medani ya Mediterania. Kundi la 407 lina taarifa za vikosi, na la 107 lina mafaili ya ofisi ya Waziri wa Vita. Katika kundi hilo la mwisho zimo karatasi za msaidizi wa kiraia aliyeshughulikia masuala ya askari weusi, nafasi iliyoshikwa na William Hastie hadi alipojiuzulu mapema 1943 kisha na Truman Gibson. Gibson alihusika moja kwa moja na mambo ya Louis jeshini, na barua zilizopita mezani kwake husaidia kueleza kwa nini ziara ilipangwa ilivyopangwa.

Usipoteze muda mwingi ukitegemea mafaili binafsi ya askari wenzake. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza ghala la kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis, Missouri, na kati ya mafaili ya Jeshi la Nchi Kavu ya watu walioachishwa kuanzia Novemba 1912 hadi Januari 1960, takriban asilimia 80 yalipotea. Faraja ni kwamba taarifa za asubuhi zimehifadhiwa kwa njia nyingine na hazikupotea pamoja nayo. Hizo ni karatasi ambazo kila kombania ilijaza kila siku ili kueleza nani ameingia, nani ametoka, nani anaumwa na nani ameambatishwa kwa muda. Askari mgeni aliyepewa chakula na kitanda alikuwa na kila sababu ya kuandikwa humo. Ukishajua kwa kukisia tu kwamba msafara ulilala katika kambi fulani, taarifa ya asubuhi ya kombania ya makao makuu ya kambi hiyo yaweza kukuonyesha siku ya kuwasili na siku ya kuondoka, na kati ya siku hizo mbili pambano lako limebanwa. Mimi naithamini karatasi hii kuliko nyingine zote kwa kuwa haikuandikwa ili kumvutia mtu yeyote. Karani aliyeijaza alitaka tu hesabu ya watu ilingane na hesabu ya sahani.

Kwa upande wa viwanja vya ndege, historia za vikosi vya anga zinatunzwa katika kituo cha utafiti wa historia cha Jeshi la Anga kilichoko Maxwell, Alabama. Kila kundi la ndege lilitakiwa kuandika historia yake ya kila mwezi, na sura inayohusu burudani na ari ya askari ndiyo utakayoifungua kwanza. Mara nyingi utapata sentensi mbili tu, lakini sentensi mbili zenye tarehe zina thamani kuliko kurasa kumi za makala zisizo na tarehe.

Picha zinahitaji uangalifu wa peke yake. Picha ya Kikosi cha Mawasiliano huwa na namba, na maelezo yake hutaja tarehe, mahali na aliyeipiga. Omba upande wa nyuma wa picha pia, au kadi yake ya maelezo, kwa kuwa nakala zinazozunguka mtandaoni zimenyofolewa maelezo hayo na kuvalishwa mengine. Kisha isome picha yenyewe. Cheo kilicho mkononi husaidia kuikadiria tarehe: Louis alianza akiwa askari wa cheo cha chini kabisa mwaka 1942, naye akapandishwa kuwa sajini fundi Aprili 1945, cheo ambacho alama yake ilikuwa mistari mitatu ya juu na matao mawili chini. Picha yenye alama hizo haiwezi kuwa ya Italia ya mwaka 1944, hata maelezo yake yaseme nini. Angalia vilevile glovu na kofia za kinga, idadi ya watu walio pembeni ya ulingo, nguo za watazamaji kama ni za baridi au za joto, na vivuli vinavyoonyesha kama ni asubuhi au alasiri. Kwa filamu, tafuta mkusanyiko wa habari za sinema wa Universal ambao kampuni hiyo iliutoa kwa hifadhi ya taifa katika miaka ya 1970. Picha na filamu zilizopigwa na watumishi wa serikali ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki nchini humo, lakini picha za magazeti huenda zinayo, hivyo uliza kabla ya kuchapisha.

Ushuhuda wa askari waliokuwepo unapatikana katika Mradi wa Historia za Maveterani wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2000, na pia katika barua na albamu ambazo familia zimezihifadhi. Usikilize ushuhuda huo kwa heshima na kwa tahadhari. Mzee anayesimulia baada ya miaka 60 hukumbuka vizuri jinsi ardhi ilivyokuwa na matope, alikaa juu ya nini, na bingwa alimwambia neno gani alipompa mkono. Tarehe, idadi ya raundi na jina la mpinzani ndivyo vinavyochanganyika. Mchanganyiko mmoja unajirudia sana: Billy Conn, bingwa wa zamani wa uzito wa juu mwepesi, naye alikuwa askari aliyezunguka Ulaya akicheza maonyesho, na kwa kuwa majina ya Louis na Conn yalikuwa yameunganishwa na pambano lao maarufu la Juni 1941, kumbukumbu huwaweka kwa urahisi ulingoni pamoja. Msimulizi akisema aliwaona wawili hao wakipigana ng'ambo, usimsahihishe papo hapo. Muulize nani alivaa nini, nani alizungumza na askari baada ya pambano, na alikuwa katika kikosi gani siku hiyo. Majibu hayo yatakuonyesha alimwona nani.

Sasa namna ya kuandika unachokipata. Tengeneza jedwali ambalo kila mstari ni pambano moja, wala si chanzo kimoja. Kwa kila mstari weka siku, mahali, kikosi mwenyeji, mpinzani, idadi ya raundi, idadi ya watazamaji kama ilivyotajwa na aliyeitaja, kisha vyanzo. Weka safu ya kiwango cha uhakika yenye ngazi tatu: limethibitishwa, lina uwezekano, na dai tupu. Mimi husema pambano limethibitishwa pale tu ambapo vyanzo viwili visivyotegemeana vinakubaliana juu ya siku na mahali. Hapa pana mtego, kwa kuwa magazeti matano yaliyochapa habari moja ya shirika la habari ni chanzo kimoja. Linganisha maneno yenyewe, na ukikuta sentensi ileile katika magazeti yote matano, hesabu moja.

Tenganisha pia pambano la kweli la maonyesho na mambo mengine yaliyofanana nalo. Kuna siku Louis aliamua mapambano ya askari akiwa refa, siku alizofanya mazoezi ya hadhara kwa begi na kamba, na siku alizozungumza tu na kupiga picha. Maonyesho yenyewe yalikuwa ya raundi chache, bila uamuzi wa pointi, na wakati mwingine katika jioni moja bingwa alikabili mtu zaidi ya mmoja. Amua mapema kama jioni hiyo utaihesabu kuwa pambano moja au mawili, andika kanuni hiyo juu ya jedwali, na uifuate mpaka mwisho. Sehemu ya tofauti kati ya idadi zinazotajwa na waandishi mbalimbali inatokana na uamuzi huu mdogo ambao hawakuutangaza.

Jedwali likishafika mapambano kumi au kumi na mawili yaliyothibitishwa, lichore kwenye ramani ukifuata siku. Hapo ndipo makosa hujitokeza, kwa kuwa msafara hauwezi kuwa kusini mwa Italia Jumanne na kaskazini mwa Uingereza Jumatano bila ndege, na ndege huacha karatasi. Mapengo ya siku kati ya nukta mbili nayo ni ya thamani, maana yanakuambia vikosi gani vilikuwa njiani na kwa hiyo nyaraka zipi uziombe katika barua yako inayofuata. Pambano ambalo umelipatia mwezi bila siku, au nchi bila kambi, liache kwenye jedwali likiwa na nafasi tupu. Usilijaze kwa kukisia, wala usilifute, kwa sababu taarifa ya asubuhi ya kombania fulani ambayo bado hujaifungua inaweza kuwa na mstari mmoja wenye jina la Barrow.